Uliza Bibi Shamba: Waridi la jangwani halitaki huruma

Kila mwaka masika yakikatika napokea picha za namna moja: chungu cha maua barazani, mmea umeinama kama mlevi, na chini yake maneno "Bibi Shamba, nimekosea wapi?" Mwaka huu zimezidi, na karibu zote ni za waridi la jangwani, ule mmea wenye kitako kinene kama mbuyu wa kuchezea na maua ya rangi ya waridi yaliyofunguka kama tarumbeta. Kwa hiyo wenye nyanya Muheza na wenye minazi Pangani mtanisamehe. Zamu yenu toleo lijalo.

*Shikamoo Bibi Shamba. Nilinunua waridi la jangwani kando ya barabara kwa shilingi elfu kumi na tano, likiwa na maua saba. Nimelilea kama mtoto: maji asubuhi na jioni, samadi ya ng'ombe, na chini nimeweka sahani ili maji yasichafue baraza. Sasa majani yamegeuka manjano yanapukutika, na kitako kimelegea, ukibonyeza kidole kinazama. Nikaongeza maji, hali ndiyo ikazidi. Huu ni ugonjwa gani na dawa yake inauzwa wapi?*
Mama Wawili, Makorora

Marahaba mwanangu. Ugonjwa wenyewe ni sahani, samadi na ile ndoo ya jioni. Dawa hainunuliwi.

Kile kitako kilichokuvutia ukatoa elfu kumi na tano ni ghala la maji. Huu ni mmea wa nchi kavu, kuanzia Senegal huko magharibi hadi Uarabuni, na kwa upande wa kusini unafika hapa kwetu Tanzania. Hauko mbali na wewe. Ukishika barabara ya Moshi, ukapita Mombo na milima ya Usambara ikiwa mkono wako wa kulia, ukifika Mkomazi umeingia kwao: mawe, miiba, udongo mwekundu na mvua za kubahatisha. Huko unakaa miezi bila tone, unapukutisha majani yote, unabaki gogo la kijivu ambalo mpita njia anadhani limekufa. Kisha, likiwa hivyo hivyo uchi, linatoa maua. Sasa kiumbe wa namna hiyo umemweka juu ya sahani ya maji Makorora, katika masika ya Tanga, halafu unamwongezea ndoo.

Mizizi nayo inavuta pumzi. Udongo ukijaa maji saa zote hewa inakosa pa kupita, mizizi inakufa, na kuvu wanaingia kupitia ile iliyokufa hadi kwenye kitako. Mizizi ikishakufa majani hayapati maji hata kama chungu kimejaa, ndiyo maana yanageuka manjano na kulegea, na ndipo mwenye mmea anapodhani una kiu. Hapo ndipo wengi wanapouua. Tofauti iko kidoleni. Wenye kiu kitako chake hunywea na kukunjana ngozi, lakini ni kigumu. Wako unazama kidole.

Leo hii, usingoje kesho, utoe kwenye chungu. Kung'uta udongo wote, osha, kisha unuse. Palipooza pananuka kama muhogo uliosahauliwa majini. Vaa glavu au mifuko ya nailoni mikononi, kwa kuwa utomvu wake ni sumu (nitaeleza mbele), chukua kisu kikali ulichokipangusa kwa spiriti, ukate palipooza pote. Kata mpaka ukutane na nyama nyeupe safi kama muhogo mbichi, isiyo na hata doa la kahawia. Ukiacha doa kama punje ya mtama umefanya kazi bure, ndani ya wiki mbili litakuwa limerudi. Kipanguse kisu kila mkato. Ukimaliza, pakaa jeraha unga wa mkaa, kisha uning'inize mmea penye kivuli na upepo, wiki moja hadi mbili, mpaka jeraha likauke kama karatasi. Ndiyo, bila udongo na bila maji. Mimi wangu huufunga kwenye kamba ya kuanikia nguo chini ya baraza. Mjukuu wangu aliukuta siku moja akaniuliza kama ni papa wa kukausha.

Jeraha likikauka panda kwenye udongo mkavu, na maji usitie mpaka siku ya tano au ya sita. Kama uozo umezunguka kitako chote, usipoteze muda nacho. Kata tawi zima lililo juu, unene wa kidole gumba, liache kivulini wiki likauke mkato, kisha ulipande. Litashika. Kitako kama cha mwanzo ndicho litakachokipata kwa shida, maana mmea wa tawi haunenepi kama wa mbegu.

Udongo wangu ni huu: makopo mawili ya mchanga wa mto, ule mkubwa mkubwa wa mafundi, kopo moja la chenga za tofali la kuchoma, na kopo moja la mboji iliyooza sawasawa. Mchanga wa pwani usiuguse, una chumvi. Samadi mbichi nayo iache kwenye mchicha. Ukishajaza chungu, mwagia maji kopo moja na uhesabu: nikifika kumi na maji hayajaanza kutoka chini, naongeza mchanga. Chungu cha udongo wa kufinyanga ni bora kuliko plastiki kwa kuwa kinakauka hata pembeni, na kipana ni bora kuliko kirefu. Tundu la chini lipitishe kidole. Na ile sahani, mwanangu, pelekea kuku wanywee.

Kuhusu maji nisikupe ratiba ya asubuhi na jioni, nikupe ya misimu yetu. Wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, jua linapochoma, utie maji mengi mpaka yatoke chini, kisha uache. Baada ya siku tatu au nne ingiza kidole pingili mbili. Pakiwa pakavu tia tena, pakiwa na unyevu endelea na shughuli zako. Masika yakianza, usogeze chini ya paa na umsahau. Kipupwe cha Juni hadi Agosti mara moja kwa siku kumi inatosha, na kama umepukutisha majani wenyewe punguza zaidi, umelala huo. Vuli unatazama mawingu.

Usidhani nakucheka. Mwaka 1997, mvua za El Nino zilipotunyeshea tangu Oktoba hadi tukasahau rangi ya jua, nilikuwa na mawaridi matatu niliyoyaotesha mwenyewe kwa mbegu, yana umri wa miaka minne. Nimeyapanda kwenye sado zenye vitundu viwili vya msumari. Mchana nazunguka vijijini kwa pikipiki ya serikali kuwafundisha wakulima kuchimba mifereji ya kutoa maji shambani. Usiku mawaridi yangu yanaogelea. Yalioza yote matatu ndani ya wiki mbili, na sikumwambia mtu ofisini.

*Bibi, kijana wangu ni utingo wa lori la Arusha. Amesema kule njiani yapo mawaridi ya porini makubwa kuliko debe, atashuka aning'olee moja. Nilipande vipi?*
Baba Shani, Kange

Mwambie asishuke. Eneo kubwa la kule ni Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, na kung'oa mmea ndani ya hifadhi ni kosa la jinai, lori litabaki njiani na kijana utamtafuta mahabusu. Lakini hata nje ya hifadhi nakukataza. Kitako cha ukubwa wa debe ni kazi ya miaka mingi kuliko umri wa kijana wako, na kimekumbatia miamba. Hakitoki bila panga. Niliwahi kuletewa mmoja, umefungwa kwenye gunia bichi, mizizi imekatwa kama mguu wa kuku, uangaliwe kama utapona. Haukupona. Ukitaka kikubwa, otesha mbegu leo ukinenepeshe mwenyewe.

*Bibi Shamba, umezoea kusema hili ni ua la kwetu. Je, ndilo lile ua la Tanga linalosifiwa ulimwenguni? Na ni la asili kama mkonge?*
Mwalimu mstaafu, Raskazone

Mwalimu, shikamoo. Umenitega mara mbili.

Ua la Tanga lenye sifa ulimwenguni ni jingine, lile la urujuani la Usambara linalofugwa madirishani Ulaya na Marekani. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya hapa Tanga enzi ya Wajerumani, alilipeleka kwao, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia, la huyo huyo baron. Tabia zake ni kinyume kabisa cha waridi la jangwani: linapenda kivuli, jiwe lenye ukungu na unyevunyevu. Ukiliweka jua la saa saba litaungua kabla hujamaliza kula. Nataja hili kwa sababu wapo wanaosoma maelekezo ya ua moja wakalitendea jingine.

Waridi la jangwani wataalamu wanaliita Adenium obesum. Mtaalamu wa mimea Peter Forsskål ndiye aliyeliandika kwanza, huko Yemen, na hakuishi kuona kitabu chake. Alifia huko huko mwaka 1763, kitabu kikatoka 1775. Jina la Adenium ni Aden hiyo hiyo ambayo majahazi yetu yalikuwa yakiitembelea. Obesum ni bonge. Hapo sina ubishi.

Ama mkonge, Mwalimu, huo ni mgeni kama reli. Asili yake Meksiko. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida mwaka 1893, iliyofika Pangani ikiwa hai ni 62 tu, na hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba yote uliyoyaona ukiwa mtoto. Ule tumeupa mkoa mzima. Hili la kwetu tunalinunua barabarani kama limetoka Thailand. Na mara nyingine kweli limetoka huko: wale wenye maua ya tabaka mbili tatu kama waridi halisi ni uzao wa wakulima wa Thailand na Taiwan, umeunganishwa juu ya shina la kawaida. Ukiona chipukizi limetoka chini ya kovu la kiunganisho, likate, la sivyo baada ya mwaka utabaki na mmea wa chini na rangi uliyoilipia itakuwa imekwenda.

*Langu lina miaka miwili, majani mabichi yanang'aa, halijatoa ua hata moja. Lipo kwenye korido karibu na cherehani yangu nilitazame nikiwa kazini. Kila mwezi naliwekea urea kijiko kimoja.*
Fundi, Ngamiani

Fundi, umelipa kivuli na urea, likakupa majani. Urea ni chakula cha majani. Acha kabisa, na ukitaka kulisha tumia mbolea yenye potasiamu nyingi na naitrojeni kidogo, kiasi kidogo mara moja kwa mwezi, wakati wa joto tu.

Kisha lipeleke juani. Linataka saa sita za jua kamili kwa uchache, na Ngamiani jua si la kununua. Ila usilitoe korido ukalitupa kwenye jua la mchana siku hiyo hiyo, litaungua kama mtu aliyetoka gerezani. Wiki ya kwanza jua la asubuhi, ya pili ongeza. Maua yanatoka kwenye ncha za matawi, kwa hiyo mmea wenye matawi mawili una ncha mbili tu. Kipupwe kikiisha, Agosti mwishoni au Septemba, pogoa matawi yabaki nusu, kila mkato utatoa machipukizi mawili au matatu. Wewe mkasi haukutishi.

*Asalaam aleikum Bibi. Waridi langu limetoa kitu cha ajabu, pembe mbili zimeungana kama za mbuzi, rangi ya kijivu na wekundu kwa mbali. Jirani anasema nilikate, ni ugonjwa.*
Binti wa Chumbageni

Waaleikum salaam. Usikate! Na huyo jirani asisogee. Hizo ni mbegu, na watu wanakaa miaka kumi na mmea huu wasizione. Mlango wa uchavushaji wa ua hili umefichwa chini kabisa ndani ya tarumbeta, unahitaji mdudu mwenye ulimi mrefu, na wako amepita bila wewe kumwona.

Chukua uzi, wa kushonea tu, uzifunge hizo pembe sehemu tatu: karibu na kikonyo, katikati na karibu na ncha. Usikaze ukaziumiza. Zitakaa miezi, na siku zikipasuka zinapasuka kwa mstari mmoja kama ganda la kunde, na usipokuwepo upepo wa bahari utakupokonya zote. Mbegu moja ni kijiti cha kahawia, kirefu kidogo kuliko punje ya mchele, na kila ncha kimevaa kishungi cha nywele za dhahabu. Ukikiweka kiganjani ukapuliza kinaondoka kikizunguka kama gurudumu na ekseli yake. Pembe moja ya kwangu mwaka juzi ilitoa 71, nilizihesabu kwenye ungo mlango umefungwa na feni imezimwa, na bado tatu zilitoroka.

Panda mapema, mbegu zikikaa miezi nguvu zinapungua. Ondoa vishungi, zilaze chali juu ya udongo ule niliomwandikia Mama Wawili, ila uchekeche uwe laini kidogo, uzifunike kwa mchanga unene wa kucha. Nyunyiza, usimwage. Kwa joto letu siku ya nne au ya tano zinaanza kuinua vichwa, na utacheka: mche unatoka na kitambi tayari. Ukiwa na majani sita uhamishie kwenye kopo lake. Mwaka mmoja hadi mmoja na nusu utaona ua la kwanza, na usishangae rangi isipofanana na ya mama, mbegu hufuata kwao kote. Kila unapohamishia chungu kipya, inua mmea kidogo ili sehemu ya juu ya mizizi ibaki nje. Ndivyo vile vitako vyenye miguu miguu vinavyopatikana. Kuinua kidogo ni upana wa kidole. Mwenzio mmoja aliinua shibiri nzima, ukamwangukia.

*Bibi Shamba, kiwavi kikubwa kama kidole gumba, kijani, kina macho mawili ya buluu karibu na kichwa, kimekula majani yote usiku mmoja. Nilitaka kupulizia dawa lakini nina watoto na mbuzi wawili. Pia nimesikia mmea wenyewe ni sumu. Niung'oe?*
Mama Mkubwa, Sahare

Shikamoo dada yangu. Hayo si macho, ni madoa ya kutishia ndege. Kiwavi huyo ni mtoto wa nondo mkubwa mwenye mabaka ya kijani kama nguo za jeshi, na anakula mimea jamii ya waridi la jangwani bila kudhurika. Wala usinunue dawa. Toka na tochi saa mbili usiku, mtafute chini ya majani kwa kufuata kinyesi chake, vidonge vyeusi kama mbegu za papai, umtoe kwa kijiti. Kwa kawaida ni mmoja au wawili. Majani yatarudi baada ya wiki tatu, na mmea hautajua kama ulikuwa umevuliwa nguo. Kuku wangu huwa hawamtaki, na mimi siwalazimishi, nikijua alichokula.

Maana uliyosikia ni kweli. Utomvu wake unashika moyo. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanaupika mpaka uwe mzito kama lami, wanaupaka mishale na kuangushia wanyama wakubwa. Mmea wako barazani una utomvu ule ule. Kuugusa hakukuui, lakini ukishakata chochote nawa kwa sabuni kabla hujashika jicho, mdomo au unga wa chapati. Mtoto akitafuna jani au ua, usimpe maziwa ukasubiri, mkimbize hospitali na tawi lake mkononi ili daktari ajue alichokula. Mbuzi nao weka mbali, hasa matawi uliyopogoa: yachimbie au yachome mbali na watu, usiyatupe uani.

Kuung'oa si lazima. Mimi wajukuu wangu sita wamekulia hapa na mawaridi kumi na moja, yote yako juu ya ukuta, kimo cha kifua changu, pale pale penye jua. Urefu huo mtoto anayeanza kutembea haufikii. Mkubwa kidogo anaufikia, lakini huyo anasikia.

Mama Wawili, ukishakata nipigie picha ya jeraha mchana, kwenye mwanga wa jua, kabla hujapaka mkaa. Nataka nione huo weupe.